Kumwimba Kiwele mjini Lubumbashi: kisa cha jioni moja ya nyimbo na mazungumzo

Kwaya ya parokia moja ya komini ya Katuba iliamua kuadhimisha Sikukuu ya Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, tarehe 22 Novemba, kwa namna tofauti na miaka mingine. Badala ya tamasha la kwaya kushindana sauti mpaka jioni, wangemkumbuka mtunzi mmoja tu, tena wa hapa hapa: Joseph Kiwele, aliyezaliwa mwaka 1912 na kufariki mwaka 1961. Mpango ulikuwa mwepesi. Nyimbo zake ziimbwe kanisani, msomi atoe mhadhara, akina mama wauze maandazi uani, watu warudi nyumbani kabla ya giza. Kufika mwezi wa kumi, kwaya ilikuwa imebakiza kidogo ipasuke, padri paroko ameitisha vikao viwili vya dharura, na mhadhara umekatwakatwa hadi mwenyewe haujui.

Jioni ile ilifana, na kwaya nyingine sasa zinauliza ilifanyikaje. Ndiyo sababu ya kuandika. Mimi siimbi. Kwenye komite nilikuwa mtu wa karatasi: kutafuta nota, kuandika barua za ruhusa, kupiga chapa programu. Majina ya waliohusika nimeyaacha.

Mtu mwenyewe

Mwombe kijana wa Lubumbashi akutajie mwanamuziki wa zamani wa Katanga, atakutajia Jean Bosco Mwenda wa Bayeke na gitaa lake, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo. Ukimwambia Kiwele, atakuuliza ni mtaa gani. Na wawili hao walikuwa wa zama moja na mkoa mmoja. Gitaa lilipata santuri na redio, likaingia kila nyumba. Misa iliyoandikwa kwa Kilatini ilibaki kwenye makabati ya mapadri, na makabati yana mchwa.

Kumwelewa Kiwele lazima uanze na Wabenedikto wa Ubelgiji waliokabidhiwa misheni za upande huu wa Katanga. Mmoja wao, Dom Anschaire Lamoral, alianzisha mjini Élisabethville, yaani Lubumbashi ya sasa, kwaya ya watoto iliyoitwa Petits Chanteurs à la Croix de Cuivre, Waimbaji Wadogo wa Msalaba wa Shaba. Misalaba ya shaba haikuletwa na mapadri. Ilikuwa fedha ya watu wa nchi hii karne nyingi kabla ya mmisionari wa kwanza: vipande vya shaba vilivyomiminwa kwa umbo la msalaba, mtu akalipia mahari au bidhaa. Kwaya ile ikauvaa kama nembo, na baadaye misalaba mitatu ya namna hiyo ikawekwa kwenye bendera ya Katanga iliyojitenga. Ukiwa na jicho la kuona, kisa chote hiki kimeshafungwa humo.

Kiwele ni mtu wa ulimwengu huo wa kwaya na kinanda cha kanisa. Kazi yake inayotajwa zaidi ni misa, Messe katangaise, ambamo maneno ya Kilatini yale yale ya Roma yanapewa sauti ya Katanga. Alifanya hivyo kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano wa maaskofu uliofungua mlango kwa muziki wa wenyeji kanisani, haujaanza, maana ulifunguliwa Oktoba 1962 naye alikuwa ameshakufa. Misale ya majimbo ya Zaire, ile ambayo leo tunaiona ya kawaida na ngoma zake, iliidhinishwa na Roma mwaka 1988. Kiwele hakuvuna alichokipanda.

Halafu kuna upande mwingine. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Kiwele akawa waziri wa elimu katika serikali hiyo, na ndiye aliyetunga wimbo wake wa taifa, La Katangaise. Alifariki kabla serikali hiyo haijaanguka Januari 1963. Mtunzi mmoja, basi, na urithi wa namna mbili: misa ambayo hakuna Mkatoliki wa kuikataa, na wimbo ambao katika mji huu huuanzishi hadharani bila kwanza kutazama nani amekaa karibu nawe.

Mpango wa kwanza na ulipovunjikia

Komite ilikuwa na Mama Prezida wa kwaya, Maestro, wazee wawili, mwalimu wa historia tuliyemwomba atoe mhadhara, na mimi. Programu ya kwanza, ambayo bado ninayo, ilisema hivi: mhadhara wa saa moja na nusu, misa nzima ya Kiwele, na mwisho, kama taji, La Katangaise kwa sauti nne, watu wote wasimame.

Hakuna aliyeshituka ilipoandikwa. Tatizo lilianza siku iliposomwa mbele ya kwaya. Mmoja wa wazee wawili, besi wa miaka mingi, wazazi wake walitoka Kasai. Yeye mwenyewe alikulia Likasi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, familia yake ililala stesheni wiki kadhaa ikingoja treni, na si wote walioipanda. Hakupaza sauti. Alisema tu:

«Ule wimbo mukiimba, miye natoka.»

Mzee wa pili, mtu wa kusini mwa Katanga ambaye baba yake alikuwa mwanafunzi shuleni enzi za Tshombe, akamgeukia kwa heshima yote: «Papa, sasa tutamusifu mutu, na kazi yake yenye kujulikana sana tuifiche? Njo sifa gani hiyo?»

Kwa wiki mbili mazoezi yalikuwa na watu nusu. Sauti za tenori zilikuja, besi hazikuja. Wengine walianza kuhesabu nani ni wa wapi, jambo ambalo katika kwaya ile sikuwahi kulisikia.

Ni rahisi kusema mzee mmoja alikuwa na uchungu na mwingine ana ukaidi. Sikuona hivyo. La Katangaise ilitungwa miaka thelathini na kitu kabla ya yale ya 1992, na Kiwele hakuwapo kuona. Lakini wimbo haubaki pale ulipotungiwa. Kila anayeuokota baadaye anauongezea lake, na waliowafukuza wale watu walizungumza lugha ya Katanga kwa Wakatanga. Mzee wa besi hakuwa anamshitaki marehemu. Alikuwa anaeleza mwili wake unafanya nini ukisikia jambo fulani. Na mzee wa pili naye alikuwa na hoja ambayo hakuna aliyeijibu siku ile: ukimwadhimisha mtunzi kwa kumchagulia nyimbo zisizo na hatari, unamwadhimisha mtu mwingine.

Kulikuwa pia na hofu ya kawaida, ya watu wenye vitambulisho na watoto. Machi 2013 vijana wenye silaha waliojiita Bakata Katanga waliingia mjini hapa mchana kweupe. Tangu hapo, mkusanyiko wowote wenye harufu ya kujitenga unaangaliwa. Kwaya inayosimama na kuimba wimbo wa taifa wa nchi isiyokuwapo inaweza kueleza mara kumi kwamba ni Sesilia, na bado ikaitwa kujieleza mara ya kumi na moja.

Mlango wa padri

Aliyetuliza mambo, kwa muda, ni paroko. Alitoa barua ya tarehe 5 Novemba 1987 ambayo idara ya Vatikani inayosimamia Ibada iliandika juu ya matamasha makanisani. Si barua ndefu, na kila kwaya inayotaka kuimba kanisani nje ya misa ingefaa iisome. Inataka ombi liandikwe mapema kwa askofu, likitaja siku, saa, programu, kazi zitakazoimbwa na watunzi wake. Kuingia kuwe bure. Waimbaji wasikae patakatifu. Sakramenti Kuu, ikiwezekana, ihamishiwe kikanisa cha pembeni. Muziki uwe mtakatifu au wa kidini. Na kuna kipengele ambacho watu hukiruka: kwamba tamasha liambatane na maelezo, si ya sanaa na historia tu, bali ya kumsaidia msikilizaji aingie ndani ya anachosikia.

Padri alikifungua kipengele cha muziki mtakatifu, akasema kwa upole kwamba wimbo wa taifa, uwe wa nchi gani, hauimbwi kanisani kama tamasha. Kwa hiyo La Katangaise imetoka. Ukumbi mzima ukapumua. Mzee wa besi akarudi mazoezini Alhamisi iliyofuata.

Hapa sikubaliani na wengi wa wenzangu kwenye komite, ambao mpaka leo husema padri ndiye aliyetatua kisa. Padri alitupa sababu ya kuuacha wimbo bila mtu kumweleza mwenzake kwa nini anauogopa. Amani ya namna hiyo ingedumu mpaka mtu wa kwanza katika hadhira anyooshe mkono. Mwalimu wa historia alilisema vizuri zaidi: tukinyamaza kuhusu wimbo, itabidi tunyamaze kuhusu uwaziri, tukinyamaza kuhusu uwaziri, mwaka 1961 unabaki na tarehe ya kifo tu, na kijana mwenye simu ataipata habari yote kabla soda yake haijaisha, kisha atajiuliza ni nini kingine tumemficha.

Suluhisho lilitoka kwa Mama Prezida, ambaye hakuwa amesema neno katika vikao vyote viwili. Alipendekeza jioni igawanywe mahali pawili. Kanisani: misa, na maelezo mafupi ya muziki. Ukumbini ng'ambo ya uwanja: mazungumzo ya wazi kuhusu mtu na zama zake, wimbo ukiwamo, ila hauimbwi. Na wa kuuzungumzia asiwe msomi peke yake. Wazee wawili wale wale, kila mmoja dakika kumi, wakae meza moja. Mzee wa besi alitaka usiku mmoja wa kufikiri. Alikubali kwa sharti kwamba hakuna atakayeupiga hata kwa kinanda, hata mistari miwili, hata «kwa mfano». Sharti likaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Nota, vumbi na nukta

Wakati hayo yanaendelea, kulikuwa na tatizo ambalo halina kabila: hatukuwa na misa yenyewe.

Tulichokuwa nacho ni fotokopi za fotokopi, nyingine kutoka kwa mwimbaji mstaafu aliyezihifadhi chini ya godoro, nyingine kutoka kwa sista mmoja. Baadhi zilikuwa nota za mistari mitano. Nyingi mtu alikuwa amezigeuza zamani kuwa solfa, herufi za d, r, m ambazo kwaya zetu nyingi husoma. Sehemu zilizokamilika kwa sauti zote nne zilikuwa Kyrie, Sanctus na Agnus Dei. Gloria ilikosa tenori kuanzia katikati. Credo tuliona kurasa mbili.

Asiyejua solfa afahamu kwamba humo muda unabebwa na alama ndogo kabisa. Nukta mbili zilizopandana hutenganisha pigo na pigo. Nukta moja hukata pigo nusu. Mkato hukata nusu hiyo tena. Kistari hurefusha sauti. Sasa chukua karatasi iliyopitia mashine za mtaani mara nne au tano: vumbi la kioo linageuka nukta, na nukta ya kweli inafutika. Kwenye Sanctus, sauti ya alto, palikuwa na doa kati ya herufi mbili. Likiwa nukta, akina mama wanaimba haraka na kuingia pamoja na soprano. Likiwa uchafu, wanachelewa nusu pigo na wimbo unapishana. Maestro aliliona doa hilo kama nukta. Mama mmoja wa alto, fundi cherehani asiyewahi kusoma muziki darasani, akasema hapana, akaweka kidole: hesabu mapigo ya soprano katika chumba hicho (kipande kati ya mistari miwili ya wima), hesabu ya tenori, hesabu ya besi. Yote manne. Ya kwetu, ukiweka nukta hiyo, yanabaki matatu na nusu. Nusu imeenda wapi?

Kuanzia hapo kila ukurasa ulikaguliwa kwa njia yake: hakuna chumba kinachopita kama sauti nne hazijalingana mapigo. Ilichukua muda kuliko mazoezi yenyewe. Kijana mmoja aliziandika upya zote kwa kompyuta, solfa chini ya mistari mitano, ili ukurasa mmoja usomwe na watu wa namna zote mbili. Ningeambiwa nichague kitu kimoja cha jioni ile cha kubaki, ningechagua faili hizo kabla ya tamasha.

Maestro alitamani waimbaji wajaze pengo la Gloria kwa kutunga tenori mpya. Alizuiwa, na nadhani ilikuwa sawa. Programu iliandika wazi: sehemu tatu za misa, hizi hapa, nyingine zinatafutwa. Hakuna aliyelalamika. Baada ya tamasha mtu mmoja wa Kampemba alituletea kurasa ambazo hatukuwa nazo, na asingezileta kama tungejifanya tunazo zote.

Haki, kwa ufupi

Watu waliuliza kama tunaruhusiwa. Sheria ya Kongo ya haki za mtunzi, namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, hulinda kazi maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kiwele alikufa 1961, kwa hiyo ulinzi uliisha mwisho wa 2011 na kumwimba Lubumbashi ni bure. Ubelgiji muda wa kawaida ni miaka 70, jambo la kuulizia kwanza kwa kwaya inayotaka kuiweka rekodi yake mtandaoni ili isikilizwe huko.

Tulitaka pia kuimba Sanctus ya Missa Luba ili watu walinganishe. Ile ilizaliwa Kamina, Katanga hii hii, na kuimbwa mara ya kwanza Machi 1958, chini ya Padri Mfransisko Guido Haazen na kwaya ya Les Troubadours du Roi Baudouin, ambayo mwaka huo huo ilisafiri hadi Ulaya. Haazen alikufa 2004. Ulinzi wake bado mrefu. Tuliandika kuomba ruhusa, jibu halikufika kwa wakati, tukaiacha. Lakini mwalimu aliitumia kuonyesha jambo zuri. Missa Luba dunia nzima inaijua, na sehemu kubwa ilitokana na waimbaji wenyewe kubuni juu ya nyimbo za kwao, sauti ya mbele ikiwa ya mwalimu Joachim Ngoi. Ila jina linaloandikwa juu ni la padri. Messe katangaise iliandikwa kwa mkono wa Mkongo, ikasainiwa na Mkongo, na haijulikani nje ya watu wachache. Mwalimu hakuongeza neno, akakaa chini. Minong'ono iliendelea dakika nzima.

Jioni yenyewe

Mhadhara wa saa moja na nusu ulikuwa umegawanywa vipande vya dakika sita sita. Mwalimu alilalamika kwamba tunamkata kama nyama ya harusi, kila mtu apate kidogo. Lakini alikubali jaribio moja, ambalo ndilo ningelishauri kwa yeyote: kuanza bila hotuba. Saa tisa mchana watu walipokuwa bado wanatafuta viti, kwaya ikaingia na Kyrie moja kwa moja. Hakuna salamu, hakuna orodha ya wageni wa heshima. Ilipoisha ndipo mwalimu akasimama, akaeleza mambo mawili tu ya kusikiliza: ni sauti gani inaongoza, na ngoma inaingia wapi. Kisha Kyrie ikarudiwa yote.

Tofauti ilionekana kwenye nyuso. Mara ya kwanza watu walisikiliza kama wanavyosikiliza kwaya, yaani wakitafuta mtoto wao yuko mstari wa ngapi. Mara ya pili walikuwa wanasubiri ngoma. Sanctus ilipewa utaratibu huo huo.

Kisha tukavuka uwanja kwenda ukumbini, na hapo Novemba ikatukumbusha ni mwezi gani. Mvua ilianguka juu ya bati bila kuonya. Kipaza sauti kilishindwa, na umeme ukaondoka kabla hatujaamua tufanye nini. Mama Prezida akawaambia watu wavute viti, wazee waketi katikati, waliosimama wasogee. Mazungumzo yaliyopangwa kufanyika jukwaani yakafanyika kwenye duara, watu wameinama mbele kama wanaosikiliza mgonjwa. Sidhani yangekwenda vizuri vile jukwaani.

Mzee wa kusini alianza. Alisimulia jinsi baba yake alivyojifunza wimbo shuleni, na fahari ya kuona waziri mweusi wa elimu, mwalimu wa muziki, mtu wa kwaya. Alikumbusha jambo ambalo wengi hawakulijua: mwaka huo huo wa 1960 Debout Congolais, wimbo wa taifa wa Kongo, nao uliandikwa, maneno ya Joseph Lutumba, muziki wa Simon-Pierre Boka, Mjesuiti. Nyimbo mbili za mataifa mawili yaliyokuwa yanapigana, zote mbili zimetoka kwa watu waliolelewa na muziki wa kanisa. Aliuliza kama ni ajabu zikifanana namna zinavyokusimamisha wima.

Mzee wa besi hakujibu hoja hiyo. Alisimulia stesheni ya Likasi. Alitaja nani alikuwa na sufuria, nani alikuwa na redio, na wimbo gani vijana walikuwa wanauimba ng'ambo ya reli. Dakika zake kumi zilizidi, hakuna aliyemkatiza. Alimaliza kwa kusema kwamba ameimba Kyrie ya Kiwele leo kwa sauti yake yote na ataiimba tena.

Swali zito lilitoka kwa msichana wa chuo: Lumumba je? Mwalimu alilijibu bila kuzunguka. Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito waliuawa tarehe 17 Januari 1961, si mbali na mji huu, mikononi mwa utawala wa Katanga, na Kiwele alikuwa waziri katika serikali hiyo. Akasema mtu anayempenda mtunzi huyu ni lazima aweze kuitamka sentensi hiyo na bado aimbe Sanctus, na kama hawezi mojawapo, bora aanze na sentensi. Wengine walinung'unika. Mmoja aliondoka, ingawa mvua ilikuwa bado inanyesha.

Programu ilisema tungerudi kanisani kwa Agnus Dei. Uwanja ulikuwa ziwa. Maestro akatoa sauti pale pale ukumbini, gizani nusu, ngoma zikiwa zimebaki kanisani. Kusema kweli iliimbwa vibaya: soprano zilishuka, bati lilizifunika besi zote. Watu walipiga makofi kwa sababu zao.

Kilichofuata

Gharama zilikuwa ndogo: karatasi, mafuta ya jenereta ambayo haikuwaka, nauli ya wapiga ngoma. Michango ya wanakwaya na maandazi ya akina mama vililipa vyote. Nikiulizwa cha kubadilisha, ningewaleta wapiga ngoma mazoezini tangu mwanzo. Walikuja wiki ya mwisho na wakawa wanaikimbiza Sanctus. Mazungumzo ningeyafanya asubuhi, mvua za Novemba hazipendi saa kumi. Na sisi wa komite tungeanza na suala la wimbo siku ya kwanza, kabla ya programu kuandikwa, badala ya kulikuta mbele ya kwaya nzima.

Kurasa za Gloria zilizoletwa kutoka Kampemba zimeshakaguliwa kwa njia ya yule mama wa alto. Tenori sasa imekamilika, bado vyumba vichache ambavyo mapigo hayalingani, na Maestro anasisitiza kwamba kosa ni la aliyenakili. Credo hakuna jipya.

Kwaya nyingine zinazoomba nota tunazipa bure, kwa sharti ambalo wazee wawili waliliandika pamoja na kulisaini: nota hazitoki peke yake. Zinakwenda na kurasa nne za maelezo, na ukurasa wa tatu ndio wenye 1960 na 1961. Kwaya moja imeshaziimba na kuusoma ukurasa huo mbele ya watu. Nyingine ilichukua faili, ikapiga chapa programu yake nzuri yenye picha ya rangi, na kuuacha ukurasa wa tatu nje. Mzee wa besi alitaka tunyamaze. Ni yule wa kusini aliyesema waandikiwe, na barua imeshaandikwa. Inangoja sahihi ya Mama Prezida.